Ile nyumba mpya ya wageni nyuma ya Ndia Kuu: siku mbili na shangazi

Wacha nianze na bei manake najua ndo kitu cha kwanza mtaniuliza. Elfu sita mia tano kwa usiku, chumba cha watu wawili, chai ya asubuhi imo ndani. Mpesa wachukua, keshi wachukua, na hakuna bei ya mwenyeji na bei ya mgeni, hilo nliuliza makusudi kwa sababu kuna mahali ukitokea na begi la mgongoni tu bei yapanda ukiwa hujavua viatu. Vyumba ni vinane. Jina siwapi kwa kua hawana, hawajatundika kibao mpaka leo, we fika uliza "ile nyumba mpya" na kila mtu atakuonesha, hadi watoto wa madrasa.

Sasa mtu ambae kwao ni Kibokoni, humu humu Mji wa Kale wa Mombasa, alala nyumba ya wageni mtaani kwao, afanya nini? Harusi. Nyumba ya nyanya ilikua imejaa mpaka kwenye ngazi watu wametandika, na shangazi alikua amekuja kutoka Unguja na magoti yake mabovu, wakaangaliana pale wakubwa wakaniambia we ndo huna mtoto wa kulea, nenda kalale na shangazi yako ile nyumba mpya, tutalipa. Sikubisha. Kusema kweli nlikua nna hamu ya kuingia mle ndani tangu mafundi waondoe jukwaa.

Manake hicho kiwanja nakijua vizuri. Palikua na nyumba ya ghorofa ya mawe na chokaa, msimu mmoja wa masika upande wa nyuma ukashuka, wenyewe wakahama, ikabaki gofu miaka na miaka. Mkungu ukaota sebuleni, paka wakazaana, takataka zikawa zatupwa usiku, na sisi tukitoka madrasa tukawa twapita mbio tukiambiwa kuna jini wa kiarabu akaa juu ya boriti. Na mi kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Si arkitekti, msinipe cheo nikakamatwa bure, nakaa mbele ya kompyuta nachora mistari na mwengine aweka sahihi. Lakini macho ndo hayo hayo, siwezi kuingia nyumba nisiangalie kona.

Nliposikia gofu lauzwa nikajua litatoka moja kati ya mambo mawili. La kwanza ni fleti ya ghorofa tano sita na vioo vya bluu, kama mtu alieingia matangani na miwani ya jua. La pili, na hili kwangu mi ndo baya zaidi, ni ukale wa kubandika: matao ya simiti yasiyobeba kitu, kuba la fiba juu ya tangi la maji, mlango wa nakshi iliyokatwa na mashine imegundishwa kwa gluu juu ya plaiwudi, na taa za kumeta kila kidaka, yaani kile kishimo cha ukutani cha kuwekea vitu. Nimechora vitu hivyo mimi mwenyewe kwa mkono wangu huu, mteja akitaka utafanyaje, ndo mana navijua harufu yake.

Haikua hili wala lile.

Ukitokea upande wa Ngomeni, pale Fort Jesus, ukaingia ndani ya vichochoro, hio nyumba waweza kuipita bila kuiona, na hio kwangu ni sifa. Ukuta wake umesimama sawa kabisa na ukuta wa jirani wa kulia na wa kushoto, haukurudi nyuma kutafuta parking wala haukutoka mbele. Urefu ni ule ule wa majirani, ghorofa mbili, alafu ya tatu imesukumwa nyuma kiasi kwamba ukiwa chini kwenye kichochoro huioni. Rangi ni chokaa tu, nyeupe inayoelekea kwenye maziwa ya mgando. Mnakumbuka 2018 kaunti ilipotoa agizo majengo ya mjini yapakwe nyeupe na bluu, watu wakakimbilia ndoo za rangi, hapa hakuna bluu hata ya dawa na wala huihitaji. Hakuna nakshi. Mlango ni wa mvule mtupu, mbao mbili zafunguka kulia na kushoto, na katikati umesimama mfaa mnene kama inavyotakiwa, ila haukuchongwa hata ua moja. Nlisimama pale nikaupapasa. Ni mlango wa kiswahili umevaa nguo ya kazi.

Lakini kitu kilichonifanya nikasema huyu alieichora ni mtu aliewahi kukaa mtaani ni baraza. Sehemu ya chini ya nyumba imeingizwa ndani kama hatua mbili, na pale kwenye kivuli wamejenga baraza ya kweli, urefu wa goti, kina cha kutosha mtu kukunja miguu na mwenzake akaweka bao katikati. Mwajua mi nimeona baraza ngapi za siku hizi? Nyembamba kama rafu ya vitabu, au zimewekwa vyungu vya maua mstari mzima ili mtu asikae, na kuna jengo moja sitalitaja mwenyewe aliweka vyuma vya ncha kabisa, yaani wazee wa mtaa kawageuza njiwa. Hapa siku ya kwanza tu twafika saa kumi na moja jioni tukawakuta wazee wanne wameshajipangia pale, hakuna hata mmoja ni mgeni wa hoteli, wamekaa kwa sababu ni baraza na wao ni wazee. Kijana wa mapokezi akapita katikati yao na mabegi yetu, "samahanini wazee wangu", wakajikunja miguu, tukapita. Nlimuuliza baadae kama mwenyewe halalamiki, akasema mwenyewe ndo huwatolea karata.

Kwa wasiojua, tuktuk haifiki mlangoni, yaishia pale Ngomeni, lakini ukipiga simu yule kijana aja na mkokoteni. Alimwamkia shangazi "masalkheri bi mkubwa, karibu, niekee mzigo wako hapa" na shangazi tangu hapo akawa ashamsamehe kila kitu kilichofuata.

Shangazi hakuipenda nyumba mara moja lakini. Alisimama chini akatazama roshani, nami nieleze hio roshani. Roshani zetu za Mji wa Kale mwazijua, mbao, luva, mabano yaliyochongwa chini yake, zatokeza juu ya njia. Hii yatokeza vile vile, kiasi kile kile, lakini mabano ni chuma kilichokunjwa tu, hakikupambwa, na juu yake ni kama sanduku la luva za mbao kutoka chini mpaka juu, kila kipande chageuka chenyewe kwa mkono. Shangazi akatazama weee, akasema, "Hii roshani au tundu la kuku?" Mi nikacheka, yule kijana akacheka, mzee mmoja pale barazani akasema, "Bi, hata sisi twalisema hilo mwezi mzima."

Basi usiku. Mwezi wa kwanza huu, kaskazi imeshika, nyumbani kwa nyanya watu wajipepea na vifuniko vya sufuria. Shangazi hapendi eisii ya kupoza hewa, asema yamwingia kwenye magoti. Akavuta kiti akaenda kwenye lile tundu la kuku lake, akafungua luva za chini, za juu akaziacha zimeinama. Nkasikia kimya. Nkamuuliza shangazi umelala? Akanambia shh. Alikua aangalia chini kichochoroni, watu watoka harusini, yule na yule, nani kavaa nini, nani kamshika nani mkono, kila kitu akiona na hakuna mtu hata mmoja ainua kichwa akamwona yeye. Akakaa pale mpaka saa sita. Alipokuja kulala akasema kwa sauti ya mtu aliekubali kushindwa karata, "Aa. Basi kazi yake waijua."

Hapo ndo nlitaka kufika. Roshani si mapambo. Ni kivuli kwa anaepita chini, ni upepo kwa aliye juu, na ni mahali mwanamke aona bila kuonwa. Ukichonga mabano mazuri ukasahau hayo matatu umejenga picha ya roshani.

Na asubuhi yake tukawa na mjadala mrefu juu ya chai manake shangazi ni mtu wa Mji Mkongwe na kwao haya mambo ndo mazungumzo ya kila siku, hasa tangu Beit al Ajaib, lile jumba la masultani, iporomoke upande mmoja Disemba 2020 ikiwa kwenye matengenezo. Alilia siku hio, asema, kama amefiwa. Lakini mwenyewe ndo akasema neno ambalo mi sikulitarajia: kwani Sultani Sayyid Barghash alipoijenga 1883 ilikua ya kale? Nguzo za chuma kutoka ng'ambo, ukubwa ambao hapakua na nyumba nyengine pale yaifikia, ikaja stima ya taa na lifti ndani, watu wakaita nyumba ya maajabu si kwa heshima ya ukale bali kwa sababu ilikua mpya mpaka yatisha. Leo ndo imekua mamaetu. Na ukirudi kwetu ni hivyo hivyo. Hizo roshani twazoziita za asili nyingi ni za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, zimekuja na mkono wa mafundi na wafanyabiashara wa kihindi zikaolewa hapa. Mabati ya juu yamekuja na meli. Hata Ngome yenyewe, Mreno kaijenga 1593 mpaka 1596, ramani kachora Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, kitu kigeni kabisa kimetua juu ya mwamba wa matumbawe, na leo ndo iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011 na ndo picha ya kila kadi ya Mombasa. Kwa hio mi mtu akinambia Mji wa Kale usiguswe kabisa namuuliza ni mwaka gani basi ndo tusimamishe saa.

Ila sio kila mpya aingia tu. Ofisini kwetu bosi hupenda sana kuutaja ule mkataba wa Venice wa 1964 wa kutunza majengo ya kale, ati kazi mpya kwenye jengo la kale ijulikane kua ni mpya, isijifanye ya zamani. Sawa. Lakini watu wengi wamesoma hapo tu wakafunga kitabu, wakadhani kua mpya ni kua mkorofi. Na wengine wakaogopa wakakimbilia makuba. Hayo makuba nayo siyatukani yote, nenda TUM, chuo kikuu cha ufundi hapa Mombasa, kaangalie lile jengo la tangu enzi kikiitwa MIOME, chuo cha Waislamu, kuba na matao, limechorwa wakati wa mkoloni likijifanya la kiislamu, na bado lapendeza kwa kua lina kivuli cha kweli na ujenzi wa kweli. Nasema hivi ili msidhani mi ni yule mtu wa kupenda simiti mbichi.

Tuingie ndani sasa.

Katikati ya nyumba pana kiwanda, yaani ua wa ndani, kidogo, kama mikeka miwili mikubwa, kimepanda wazi mpaka juu. Chini kuna sakafu ya mawe na mlimau kwenye pipa. Hio ndo eisii yao. Hewa ya moto yapanda yatokea juu, ya baridi yavutwa kutoka kichochoroni kupitia zile luva, na milango ya vyumba ina luva juu yake kwa hio hata ukifunga kwa komeo hewa yapita. Sisi twalala na feni namba moja. Chumba cha nyuma kisichokua na roshani sijui, nlichungulia tu, kilikua kimetulia zaidi lakini kina joto.

Vyumba vyenyewe ni vyembamba na virefu, na najua kuna watu watalalamika. Nyumba zetu za zamani vyumba vilikua vyembamba kwa sababu ya boriti, mkoko haukupi zaidi ya mita mbili na nusu mpaka tatu hivi, basi ndo upana wa maisha yako. Hapa wana nondo na zege, wangeweza kupiga chumba mita sita wakitaka. Hawakutaka. Na ukilala chali ukiangalia dari waona vijiti vya zege vyembamba vimepangwa karibu karibu kama boriti zilivyopangwa, havikupakwa rangi ya mbao wala kuchorwa magamba, ni zege tu limekaa kwa mdundo ule ule. Nlilala nikavihesabu. Kumi na tisa. Mtu asiekulia chini ya boriti hatojua mbona chumba chamtuliza, na si lazima ajue.

Vidaka vipo, vitatu kwa chumba, pembeni ya kitanda, na ndani ya kila kimoja wamechomeka soketi. Nyanya zetu waliweka mabakuli ya kichina, sisi twaweka simu kwenye chaji. Shangazi alipanga dawa zake zote pale kwa mpango wa asubuhi mchana jioni, akasema hotelini Dar hakupewa kitu kama hiki.

Ngazi nazo nizisifu kabla sijaanza kulia. Wote twajua ngazi za nyumba za Mji wa Kale, wapanda kama wapanda mnazi. Hizi nlizipima kwa shubiri, kimo cha kila daraja si cha kumuua mtu wa magoti, zina kishikio cha mbao cha duara upande wote na kituo cha kupumzika chenye kibaraza kidogo. Lifti hakuna. Shangazi alikaa kwenye kile kibaraza kila mara kwenda na kurudi, akasema huyu fundi ana mama.

Haya, chai. Mahamri mazuri, laini, iliki yasikika, na mbaazi za nazi za kutosha si zile za kuhesabu. Mayai, ndizi, papai. Kahawa ni ya pakiti na maji moto, Mombasa hii, jamani, mtu ajenga baraza kisha akupa kahawa ya pakiti. Fanya kama nlivyofanya mimi, teremka chini jioni baada ya magharibi, muuza kahawa apita na dele lake, keti pale barazani na wazee unywe kahawa tungu na kipande cha halua. Adhana ya alfajiri utaisikia vizuri sana, msikiti wa Mandhry uko karibu na imekua ikiadhiniwa pale tangu 1570, kwa hio usiende kulalamika mapokezi.

Bafu. Sakafu ni tarazo iliyosuguliwa ikang'ara, yapendeza kwenye picha, ikilowa ni barafu. Shangazi kidogo aende. Kijana alileta mkeka wa mpira akaomba radhi, lakini mkeka wa mpira si jibu la mchoro, aliechora alijua pale patakua na maji. Na maji yenyewe ni ya kisima, ya chumvi, sabuni haitoi povu. Ya kunywa waweka jagi. Taulo zao ni nyembamba kama leso zilizofuliwa miaka kumi.

Sasa juu. Huku ndo nna ugomvi nao.

Ile ghorofa ya tatu iliyosukumwa nyuma ni mkahawa na terasi. Kutoka chini huioni, nimesema, adabu tupu. Lakini ukiwa juu kwanza upande wa magharibi wameweka kioo kizima kisichofunguka, kutoka sakafu mpaka dari, ati uone jua likizama juu ya mapaa ya mji. Utaliona. Utaliona na utaivishwa nalo. Saa kumi alasiri hapakaliki, wameweka eisii mbili kubwa kupigana na kioo walichokinunua wenyewe, na mashine za hizo eisii wamezining'iniza nyuma kwenye kichochoro cha uani ambacho hakuna mgeni apita, zatema joto na kudondosha maji kwenye dirisha la jiko la watu. Nyumba nzima chini imefundishwa kupumua alafu kichwani wameivika mfuko wa plastiki.

Hilo ni la joto, joto lavumilika. Lisilovumilika ni stara. Kwenye hio terasi ukuta wa pembeni wafika kiunoni tu. Siku ya pili alasiri nlikua pale na glasi ya ukwaju, na meza ya pili kulikua na wageni wawili wapiga picha na simu, wazunguka, wapiga huku wapiga kule, watu wazuri tu hawana nia mbaya. Nikaenda kuangalia wanachopiga. Chini yetu, karibu sana, ni dari ya nyumba ya jirani, yaani ile paa bapa ya kuanikia, ambapo mama mmoja alikua aanua nguo, amejifunga leso kifuani, nywele zimelowa, kwenye dari yake mwenyewe alikoanua nguo tangu aolewe pale, na haijawahi kutokea mtu kumwona kwa sababu hapakua na kitu juu yake ila mbingu. Akainua macho. Akavuta shuka kwenye kamba akajifunika, akaingia ndani, nguo nyengine akaziacha. Mama huyo namjua, bintie tumesoma nae madrasa moja. Nliona haya mpaka ukwaju ukanikwama.

Nlishuka kumwambia kijana, akasema kwa upole, "Dada, wateja wapenda viu." Nkamwambia huyo mteja alipie viu ya bahari, nyumba ya mtu si viu. Alikuja mwenyewe hasa jioni, mtu mzima, alinisikiliza kwa kweli sina la kumlaumu hapo, akasema katika ramani ya mwanzo ule ukuta ulikua mrefu kupita kichwa cha mtu, na matundu matundu upepo upite, wakati wa kujenga ukakatwa kwa sababu ya huo huo mkahawa. Yaani kumbe alieichora aliliona! Huyo huyo aliejua roshani ya kazi gani alijua na dari ya kazi gani, na ramani za huku hazipiti kienyeji, huu ni mji wa hifadhi, watu wa Makumbusho ya Taifa huziangalia, kisha mtu mmoja na menyu yake afuta mstari. Nnawajua watu hao. Hunipigia simu saa tatu usiku.

Kesho yake tukiondoka nliona wamefunga mikeka ya ukili kwenye vyuma vya upande ule, imekaa kama mahema ya mnada, lakini imeziba. Bora kitu.

Na la mwisho la kifundi kisha niwaache. Pale ukuta wao mpya unapokutana na ukuta wa jirani wa kushoto, mafundi wakajifanya wema wakampigia jirani lipu bure upande wa mbele ili mtaa upendeze siku ya ufunguzi. Lipu ya simiti. Juu ya matumbawe na chokaa. Asiejua atasema ahsante. Ukuta wa matumbawe wanyonya unyevu na kuutoa, ndo maisha yake, chokaa yamruhusu, simiti yamziba pua. Chumvi na maji yabaki ndani yatafuta njia, na sasa hivi hio lipu ishaanza kuvimba na kubanduka vipande kama ngozi yenye upele na itaondoka na jiwe. Jirani alinionesha mwenyewe kwa kidole. Ingegharimu nini kumpakia chokaa ile ile waliojipaka wao? Nlimwambia mwenye nyumba na hilo pia, akaandika kwenye simu. Nitapita mwezi ujao niangalie kama alikua aandika kweli au acheza gemu.

Mkitaka kwenda: ombeni chumba cha mbele ghorofa ya kwanza au ya pili, chenye roshani, msikubali cha nyuma juu ya zile mashine hata mkipunguziwa. Mkahawa wa juu nendeni asubuhi kabla jua halijageuka, chakula cha mchana tafuteni mtaani, biriani ya huko juu nlionja ni ya kawaida na bei yake si ya kawaida. Nawapa nyota tatu na nusu, wakiujenga ule ukuta wa terasi kama ulivyochorwa nitarudi niongeze hio nusu nyengine na zaidi.

Shangazi yeye hana habari na nyota. Ashamwambia yule kijana akija Mfungo Sita kwa maulidi awekewe chumba kile kile, kiti kiachwe pale pale kwenye tundu la kuku, na taulo atabeba yake.